Kona ya Mwisho Niachie Mimi, Baba

Baba,

Shikamoo. Nimekaa kidogo baada ya kuandika neno hilo, maana nilikuwa nangoja marahaba yako. Haya, tuendelee.

Nakuandikia nikiwa ofisini kwetu karakana, mchana, saa ya chakula. Jenereta imezimwa, kompyuta nimeifunika kwa kile kitambaa alichokishona Mama, na wenzangu wote wako kantini wanagombania maharage. Sina hamu ya kula. Nina maneno na wewe, na safari hii utanisikiliza mpaka mwisho. Ulipokuwa hai ulikuwa na tabia ya kuniacha katikati ya sentensi ukaenda kuangalia moto wa tanuru.

Kwanza habari za huku. Ulipoondoka ngano ilikuwa inafika magotini. Sasa imeanza kugeuka rangi. Asubuhi ukungu unashuka kutoka Mlima Hanang na kulala juu ya shamba, na lori la wafanyakazi linapita ndani yake polepole, taa zimewashwa. Dereva anapiga honi kwenye njia panda ya Endasak ingawa hakuna mtu pale. Nilimuuliza kwa nini. Akasema anakupigia wewe, kwa sababu bado anakuona umesimama na koti lako la kijani. Alisema kawaida tu, kama mtu anayekwambia kuna tope mbele. Mimi nilitazama miguu yangu mpaka tukafika.

Bwana Mhina bado ndiye mkuu wetu wa karakana, na bado analalamika baridi. Miaka yote hii tangu aletwe kutoka Tanga, na mtu anavaa masweta mawili chini ya koti. Alilia kwenye mazishi yako kuliko wajomba zangu wote. Meza yako ya kuchongea amepewa Fundi Amsi, ambaye anaogopa hata kukaa kwenye kile kigoda chako, kwa hiyo nimekichukua, kiko hapa pembeni ya kiti changu.

Na kazi ile ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Unaijua. Ule mkono wa alumini unaoshika beringi kwenye kombaini, unaopasuka kila mavuno palepale, kwenye kona ya ndani, kwa sababu ule wa kiwandani umetengenezwa na kona kali. Spea zimekuwa hadithi tangu wazungu wa mradi wafunge mizigo yao wakatuachia kompyuta hii na ahadi. Ukasema basi tutengeneze wa kwetu. Mimi nichore, wewe uchonge pateni ya mbao, watu wa tanuru waizike kwenye mchanga, waitoe, na mahali ilipolala wamimine pistoni kuukuu zilizoyeyushwa. Na kona zote ziwe za mviringo. Ulisema mzigo unapita kwenye mkono ule kama watu wanavyotoka kanisani. Ukiweka pembe kali mlangoni watabanana hapohapo na mlango utang'oka.

Kabla ya kompyuta kona zako ulikuwa unaziviringisha kwa nta. Nta ya kutoka Masieda, ile anayoleta mjomba ikiwa bado na miguu ya nyuki ndani. Ulikuwa unaifinyanga mkononi mpaka ilainike, unaibandika kwenye kona ya pateni, halafu unapitisha kidole gumba mara moja tu, taratibu, bila kurudia. Kidole chenyewe kilikuwa kile kilichopondwa na nyundo kikabaki bapa na kipana. Kila kitu kilichotoka kwenye tanuru yetu kilikuwa na kona za upana wa kidole chako. Mimi nilikuwa nazijua kwa kugusa, hata nikifumba macho.

Siku niliyokuonyesha jinsi mashine inavyofanya ulisimama nyuma yangu umekunja mikono, kama mtu aliyekuja kumposea mtoto wake na hajapendezwa na nyumba. Skrini nyeusi, mistari myeupe, mkono wote umechorwa kwa kona kali. Nikakwambia hapa hakuna nta. Unaiambia mashine unataka kuviringisha kona, yenyewe inauliza nusu kipenyo, unaandika namba, unagusa mstari wa kwanza, unagusa wa pili, na kona inainama.

"Inauliza nini?"

Nusu kipenyo, Baba.

Ukanyoosha kidole gumba ukakibandika kwenye kioo. "Iambie ni hiki."

Nilicheka mpaka Bwana Mhina akaja kuchungulia. Kisha nikachukua venia, kile chuma cha kupimia upana, nikakipima kweli, ukawa unalalamika kwamba chuma ni cha baridi. Namba niliyoipata nikaiandika, na mashine ikaikamata. Programu hii ndivyo ilivyo, namba uliyoiandika mwisho ndiyo inayokuletea tena kesho. Baada ya hapo hukunipa nafasi. "Toka kitini, mistari ni yako, kona ni zangu." Ulikuwa unabonyeza kwa kidole hichohicho, kitufe kikawa kinateleza nta, nami nilikuwa nakifuta na kunung'unika. Leo ningetoa chochote nipate kunung'unika tena.

Halafu kifua chako. Nilikuwa nimemaliza kuchora mkono upya, kona zote zimeachwa kali zinakungoja, ukalazwa. Siku ya mwisho pale hospitali ulikuwa unapitisha kidole gumba juu ya shuka, upande mmoja tu, taratibu. Nesi alidhani unatafuta kitu. Mama na mimi tulijua. Ukafumbua macho ukasema, "Zile kona bado." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho, Baba. Mtu ana mke na binti wamesimama pembeni yake, yeye anazungumzia kona. Sijakusamehe bado kwa hilo, na nimekusamehe zamani.

Tulikuzika nyumbani Endasak, upande wa juu wa shamba la mahindi. Koti la kijani tulikuvisha. Mama alishikilia, alisema huko unakokwenda asubuhi kuna baridi. Tumekwishafukia ndipo nikakumbuka kwamba ufunguo wako wa ofisi ulikuwa mfukoni mwa koti. Nikasema basi, na uende naye. Wa pili ninao mimi, na wa tatu hakuna.

Niliporudi kazini nikafungua ofisi, nikawasha mashine, nikafungua mchoro. Kona moja ilikuwa imeviringishwa.

Nikajiambia ni mimi niliyeifanya kabla ya msiba nikasahau. Mtu mwenye msiba anasahau hata kama amekula. Kesho yake zilikuwa mbili. Nikaiuliza mashine upana wake, ikanipa namba ya kidole chako. Kesho yake nyingine, na ya baada yake. Kitufe cha kuingizia namba kilikuwa kinanata, na ofisi ilikuwa inanuka nta iliyopashwa mkononi, ile harufu ya joto joto. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa komeo. Vumbi la dirishani lilikuwa halijaguswa.

Nilimwambia Bwana Mhina. Alinitazama kwa huruma akasema, "Binti yangu, mashine hii ni kuukuu na wewe una msiba. Kunywa chai." Nikanywa chai.

Niliogopa, sikufichi. Asubuhi nilikuwa nasimama nje ya mlango nashika ufunguo mpaka chuma kinapata joto. Lakini nilikuwa na furaha pia, Baba. Nilikuwa naingia nasema shikamoo kwenye ofisi tupu, nafungua mchoro haraka haraka kuona umefika wapi. Nilikuwa nawahi lori kuliko wote. Sikumwambia mtu mwingine, na nyumbani sikutamka hata neno.

Kisha Jumapili moja tumetoka misa, Mama amekaa nje anapepeta maharage, akaniambia bila kuinua kichwa, "Baba yako anasema kazi yake haijabaki nyingi. Akimaliza atanipitia."

Nikamuuliza utampitia kwenda wapi.

"Kwake," akasema, na akaendelea kupepeta.

Nikamuuliza anaongea na wewe saa ngapi. Akasema alfajiri, unapovaa viatu. Unakaa ukingoni mwa kitanda unavuta kamba, na kitanda kinainama upande wako kama zamani. Alikuwa anatabasamu. Ndilo lililonimaliza nguvu. Laiti angekuwa analia au anatetemeka ningejua la kufanya, ningeita majirani. Alikuwa amesuka nywele.

Toka siku hiyo nikaanza kumwangalia. Mama hakuwa mgonjwa, hana hata mafua. Lakini kuku wake aliwagawa wote kwa Mama Neema wa jirani. Akanionyesha lilipo jembe zuri na aliyemwazima sufuria kubwa. Akafua kitenge chake cha Pasaka, akakipiga pasi, akakiweka juu ya kiti badala ya kukirudisha sandukuni. Uji alikuwa anakunywa nusu kikombe na kusema ameshiba. Nikamleta katekista. Mama akampokea vizuri, akamchemshia chai ya maziwa, wakasali, katekista akatoka ananiambia mama yako ana imani kubwa, mshukuru Mungu. Nikamshukuru Mungu.

Nilijaribu kujiambia ni upweke tu, wajane wengi wanasikia viatu. Halafu asubuhi moja navaa koti nitoke, Mama akasema kutoka jikoni, "Leo kakamilisha ile ya chini, karibu na tundu. Anasema ilikuwa imejificha." Nilipofika ofisini nikafungua mchoro. Ile ya chini, karibu na tundu la beringi. Jana yake jioni niliiacha kali.

Basi nikajua. Kona zilikuwa zinapungua, na kila ukiviringisha moja, Mama anasogea hatua moja mlangoni. Ulikuwa huji kwa ajili yangu. Ulikuwa unamaliza kazi ili uende na mke wako. Nilikaa kwenye kiti nikakasirika, Baba, nikakasirika vibaya sana. Niliongea na kigoda chako kwa sauti, na Fundi Amsi aliyekuwa anapita dirishani akaongeza mwendo.

Halafu nikafanya kile ninachojua kufanya. Nikakuongezea kazi.

Nilichora mbavu mbili za kuimarisha ubavu wa mkono, ambazo hazikuhitajika. Kila ubavu una kona zake, nikaziacha kali. Asubuhi umeviringisha mbili, mimi mchana nimechora nne. Nikaweka vidato. Nikaweka visima vya kupunguza uzito. Nikatoboa matundu na kuyazungushia kuta. Mkono ulikuwa unaota vitu kila siku, na kila jioni nafunga ofisi nikiwa na hakika kwamba kesho hutamaliza. Bwana Mhina akasimama nyuma yangu siku moja akautazama kwa muda mrefu. "Paulina, hii ni sehemu ya kombaini au ni kanisa?" Nikasema ni maboresho.

Nikadhani nimekushinda. Kumbe Mama ndiye aliyekuwa analipa. Tabasamu lilimwisha. Akawa anaamka mapema zaidi, anakungoja, na ulikuwa unachelewa. Akaniambia, "Baba yako amechoka. Anasema kuna mtu anamwongezea kazi." Siku nyingine akasema umerudi umelowa mpaka magotini, huongei, unakaa tu unatazama vidole vyako. Akawa analia kwa ajili yako, si kwa kuwa umekufa bali kwa kuwa unaonewa kazini. Uji ule wa nusu kikombe nao ukabaki. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana kwenye gauni.

Nilijaribu hata ujinga. Nikatoa mchoro wote kwenye mashine nikauweka kwenye diski, nikaenda nayo nyumbani ndani ya mkoba na kulala nayo chini ya mto. Nikasema sasa tuone. Asubuhi diski ilikuwa palepale, ina joto la shavu langu. Nilipoifungua ofisini, safu nzima ya ubavu wa kushoto ilikuwa imeviringishwa. Jioni hiyo nilipofika nyumbani Mama alinikazia macho. "Unamfanyia nini baba yako?" Nilijifanya naosha vyombo.

Wakati huohuo mavuno yanakuja. Bwana Mhina akanipa mpaka Ijumaa. Alisema niondoe mapambo yote, mkono urudi ulivyokuwa, mchoro uende kwa Amsi, tanuru iwashwe, la sivyo kombaini litaingia shambani na mkono mbovu na mtu ataumia. Alikuwa na haki. Nami nikaona nimebanwa pande zote mbili. Nikiondoa mapambo, zinabaki kona za mwanzo, na katika hizo ulikuwa umebakiza moja tu.

Kilichonisaidia ni boma la Babu kule Nambis. Nilikuwa bado msichana wa shule. Babu alikufa akiwa ameacha boma la ng'ombe halijafungwa, nguzo chache zimebaki, na majirani walikuja na mashoka yao wakitaka kusaidia. Ukawazuia. Ukasema kazi ya marehemu akiimaliza mgeni, mwenyewe anarudi kuikagua, na ikiachwa anarudi kuimalizia. Ikimalizwa na mtoto wake, basi, harudi tena. Ulizichimbia zile nguzo peke yako, jasho linakutoka, hatukuruhusiwa hata kukushikia mti. Ya mwisho ilipokaa ukaipiga kofi ukasema kwa sauti kuelekea kaburini, "Imekwisha. Nimemaliza mimi." Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa, nikalikumbuka niko kwenye lori, katikati ya ukungu, nikasema kumbe, kwa nguvu, mpaka mwenzangu akaniuliza kumbe nini.

Nilifungua ofisi. Harufu ya nta ilikuwa nzito kuliko siku zote, kama mtu ameifinyanga sasa hivi. Nikafuta mbavu. Nikafuta vidato na visima na matundu yangu yote ya uongo, mkono ukabaki mwembamba kama tulivyouanza, na ile kona moja, ya nyuma, chini ya bega, ile isiyobeba mzigo. Ulikuwa umeiacha ya mwisho kwa sababu ni rahisi. Ni kona ya kumalizia tu, na kuondoka.

Nikaiambia mashine naviringisha kona. Ikauliza nusu kipenyo na kuniletea namba yako, imekwisha kuiandika, nibonyeze tu.

Kigoda kililia, Baba. Unajua sauti ile, mtu mzito anaposogea mbele ili aone vizuri. Sikugeuka. Shingo yote ilisisimka na mkono ukawa wa baridi mpaka kwenye kiwiko, na nilisikia pumzi yako, ile yenye filimbi ya kifuani. Nilitaka kugeuka. Hakuna kitu nimewahi kutaka kama hicho. Nilijua nikigeuka nitakuachia kiti, nitasema karibu Baba, kona ni zako, na jioni nitamkuta Mama amevaa kitenge cha Pasaka.

Nikachukua venia nikapima kidole gumba changu mwenyewe. Ni chembamba kuliko chako, kinafanana na cha Mama. Nikafuta namba yako, nikaandika yangu. Nikagusa mstari wa kwanza. Nikagusa wa pili. Kona ikainama.

Nikasema kwa sauti, "Imekwisha. Nimemaliza mimi." Kigoda kikalia tena, safari hii kama mtu anayeinuka. Harufu ilipungua taratibu, kisha nikasikia dizeli na baridi ya kawaida ya ofisi. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Nikalala juu ya meza nikalia mpaka Bwana Mhina akaja akanifunika sweta lake moja, akatoka bila kuuliza.

Baada ya hapo mchoro ulikwenda. Amsi akachonga pateni, tanuru ikawashwa, na mkono umefungwa kwenye kombaini unangoja mavuno. Amsi aliuliza kwa nini kona moja ni nyembamba kuliko nyingine. Nikasema ile haibebi mzigo. Kila asubuhi nafungua mchoro. Hakuna kilichoguswa.

Lakini nyumbani, Baba, nyumbani ndiko kugumu. Jioni ileile nilimwambia Mama. Nilipiga magoti mbele yake jikoni nikasema kazi ya Baba imekwisha, haina kilichobaki. Akainua uso, macho yakang'aa, akauliza, "Amemaliza?" Nikasema hapana. Nimemaliza mimi.

Akageukia moto, akasukuma kuni ndani. Anajua desturi kuliko mimi. Kisha akasema, "Umemfukuza mume wangu." Akalia. Baba, hakuwa amelia kifo chako hata mara moja, si hospitali, si kaburini, na hatukuona ajabu, tulisema ni mama jasiri. Alilia siku ile kilio cha msiba wenyewe, cha kujitupa chini, mpaka Mama Neema akaja mbio akidhani kuna maiti mpya. Nilimshika, akanisukuma. Nikamshika tena.

Sasa hanisemeshi. Anapika, ananiwekea sahani, anageukia ukuta. Lakini anakula. Ugali wote, na mboga. Juzi alikwenda kwa Mama Neema kudai kuku wake, wakagombana kuhusu mmoja mwekundu, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Niliposikia ugomvi ule nilikaa chini nikashukuru. Anazeeka kwa ghafla, anatembea ameshika kiuno. Ni mjane sasa, ndivyo alivyo.

Jambo moja bado linanitisha, na ndilo hasa nililokaa kukuandikia. Alfajiri bado anaamka. Leo nilimsikia akifungua mlango wa mbele. Nilitoka kitandani nikachungulia. Amesimama kizingitini, kitenge cha Pasaka amejifunga juu ya gauni la kulalia, anatazama ukungu kuelekea shamba la mahindi. Nilitazama naye. Sikuona kitu, Baba, nakuapia, lakini mbwa alikuwa ameinuka anatikisa mkia. Mama akangoja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ya kuomba, "Basi pita." Halafu akanihisi nyuma yake, akafunga mlango.

Kama ulikuwa pale, sikia. Najua umemzoea. Najua huko kuna upweke, na ulikuwa mtu usiyeweza hata kunywa chai bila yeye kukaa upande wa pili. Najua na yeye anataka, na mimi ndiye ninayesimama katikati yenu, mtoto asiye na adabu. Niite hivyo. Sina wa pili, Baba. Wewe umekwenda, nimebaki na huyu mmoja anayenigeuzia mgongo jikoni, na mgongo wake unanitosha.

Jenereta imewashwa, wenzangu wanarudi. Barua hii nitaichimbia Jumapili, upande wa kichwa chako. Hatutaonana tena kwa njia ile, sitaingia ofisini nikasema shikamoo, nikaitafuta harufu. Nakuaga sasa, kama nilivyopaswa kukuaga hospitali badala ya kukujibu kwamba kona zitangoja. Nenda salama, Baba yangu.

Nakuahidi nitamtunza Mama hata akininunia mpaka mwisho. Na siku yake ikifika, yake mwenyewe, si ile uliyompangia wewe, nitamvisha kitenge hicho na kumleta kwa mikono yangu mpaka ubavuni pako. Usije kumchukua. Mngoje hukohuko.

Binti yako,
Paulina